Kiko cha Kwenda Nacho Ntalikwa

Stesheni ya Kigwa,
8 Juni 1953

Kwako Mzee Shomari bin Shaban, Gongoni, Tabora.

Shikamoo mzee wangu. Ilinipasa nianze kwa kukuuliza hali, lakini gadi Anselm anapita hapa na treni mara nne kwa wiki, na kila mara ananieleza umeamkaje, umekula nini na umemtukana Mnyamwezi gani sokoni. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye shida yangu.

Nataka kiko kutoka dukani kwako. Tafadhali usicheke. Mimi Tobias, mtoto wa rafiki yako marehemu Silasi, nataka kiko na tumbaku ya mtu anayeanza, maana maishani mwangu sijawahi kutia moshi kifuani isipokuwa ule wa jikoni kwa mama.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita nilimtuma baba mdogo Sylvester awe mshenga wangu, akapeleka posa Ntalikwa kwa Mzee Lugembe, kwa binti yake Tekla, yule anayefundisha watoto kusoma. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alimsindikiza Sylvester mpaka njia panda, wawili tu, na hapo akamwambia maneno haya: "Mwambie kijana aje mwenyewe Jumapili ya kwanza ya Agosti. Aje na kiko chake." Kisha akageuka akarudi nyumbani kwake.

Tumekaa na Sylvester tukayapima maneno hayo kama watu wanaopima dhahabu. Yeye anasema ni mtihani. Mzee anataka kuona kama mimi ni mtu mzima wa kukaa naye uani, au ni karani tu aliyevaa suruali ya kupiga pasi. Nikienda bila kiko nimeshindwa. Nikienda nacho nikakohoa, nimeshindwa vile vile. Kumwuliza Tekla siwezi, kwa sababu tangu posa ipelekwe hatuandikiani, ni aibu kwa wazazi wake.

Nimempenda binti huyu miaka mitatu, mzee wangu. Kila siku nauza tiketi za watu wanaokwenda kwao, na mimi sina kwangu pa kwenda. Nichagulie kiko ambacho hakitaniangusha, na uniandikie namna ya kukitumia, hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mjinga.

Ni mimi mtoto wako,
Tobias Silasi


Gongoni, Tabora,
12 Juni 1953

Kwa mtani wangu Tobias, mjukuu wa wabeba mizigo.

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili kwa uchungu. Kucheka ni haki yangu. Babu yangu Mzaramo alifika hapa na msafara kutoka pwani akitembea mikono mitupu, na mbele yake alikuwa babu yako Mnyamwezi na robota la nguo begani. Tangu njia ile utani uko kati yetu. Nikikutukana hukasiriki, nikikamata kuku wako hunishitaki, na siku ukifa mimi ndiye nitakayefanya vituko msibani mpaka wafiwa wacheke. Uchungu nimeupata kwa sababu baba yako angekuwapo, angekufundisha mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mtu akija dukani kutafuta kiko cha kwanza, macho yake huenda kwenye kile kikubwa kilichopinda, chenye pete inayong'aa. Namwachia. Namwambia akiume kwa meno bila kukishika kwa mkono, kisha ahesabu mpaka mia. Akifika arobaini taya linamwuma, anakirudisha mwenyewe. Kiko cha kuanzia kiwe chepesi, kiwe kimenyooka, na kichwa chake kiwe kidogo, maana tumbaku nyingi kwa asiyejua ni adhabu. Halafu chukua unyasi mkavu uupitishe ndani ya mrija, kutoka upande wa mdomo. Ukitokea chini kabisa ya kichwa, hicho ni kiko. Ukitokea katikati, kiache, kitakukoromea kila siku.

Ninavyo vya aina tatu. Cha udongo wa kwetu ni kitamu, lakini kinaunguza vidole vya mgeni, na kikidondoka kwenye reli za Kigwa usikiokote. Cha mzizi wa mti wa Ulaya kinadumu kuliko ndoa za watu wengine ninaowajua, ila kinataka kuzoezwa taratibu. Cha tatu ni cha gunzi la mahindi. Watu wanakidharau, nao wanakosea. Gunzi halitaki kuzoezwa, linakunywa unyevu wa tumbaku, na linauhurumia ulimi. Basi nakuletea viwili, zawadi kutoka kwangu: gunzi la kujifunzia, na cha mzizi, kidogo, kimenyooka, kwa ajili ya siku ya Ntalikwa.

Tumbaku ya msokoto ya huku kwetu usiiguse. Niliwahi kumwona askari wa miraba minne akikaa chini katikati ya soko kwa sababu yake. Nimekuwekea ya kopo, laini, iliyokatwa nyembamba. Chini ijaze kwa ulegevu, juu ishindilie kidogo. Ukifyonza kabla ya kuwasha, usikie kama unafyonza maji kwa unyasi. Moto wa kwanza unafanya majani yainuke, yashindilie kwa kidole, kisha uwashe tena. Moshi ukae mdomoni, usiupeleke kifuani. Na usiwe na haraka.

Huyo Lugembe namjua vizuri kuliko unavyodhani. Miaka ishirini amenunua tumbaku kwangu kila Jumamosi. Tangu Pasaka sijamwona hata kivuli chake. Siku hizi wamezuka wauzaji sokoni wanaochanganya tumbaku na majani ya mpapai, nadhani wamemnasa. Ukimwona mwambie mtani wake amenuna.

Shomari bin Shaban


Stesheni ya Kigwa,
22 Juni 1953

Kwako Mzee Shomari.

Shikamoo. Vitu vimefika salama kwa mkono wa Anselm, na nashukuru mpaka sina maneno. Nilipitisha unyasi kwenye vyote viwili, ukatokea chini kabisa.

Sasa habari zenyewe. Gunzi nililianza Jumatano, nyuma ya ghala la mizigo, treni ya saa nne ikiwa bado haijafika. Nilijaza ulivyosema. Niliwasha mara mbili ulivyosema. Kuhusu haraka nadhani sikukuelewa, kwa sababu niliona moto unataka kufa nikawa navuta kwa nguvu ili usife. Dunia ikazunguka. Nikarudi dirishani nikishika ukuta, na mama mmoja aliyetaka tiketi ya Itigi nikamkatia ya Kigoma. Alikwisha panda, Mungu ambariki Anselm, akaiona tiketi na kumshusha abadilishiwe kabla treni haijaondoka. Yule mama alinieleza mambo kuhusu ukoo wangu ambayo hata wewe mtani hujawahi kuyataja.

Ulimi umeungua hata chai siionji. Lakini sijakata tamaa, nimejaribu mara tano, na mara ya tano nilibaki nimesimama.

Kuna jambo jingine. Kile kiko cha mzizi kinang'aa sana. Kinaonyesha kwamba kimetoka dukani juzi. Nikaona nikizeeshe. Nilichukua masizi ya kioo cha taa nikayachanganya na mafuta ya taa yenyewe, nikakisugua nje mpaka kikawa cheusi. Ndani nikatia kaa la moto ili paungue. Mrija nikautafuna tafuna uonekane wa siku nyingi. Kwa macho sasa ni kiko cha miaka kumi, Sylvester mwenyewe ameshangaa. Shida ni kwamba nikikivuta nasikia ladha ya taa, na juzi kilitoa mwali wa buluu. Nifanye nini ladha hiyo itoke?

Wako,
Tobias


Gongoni,
26 Juni 1953

Tobias,

Marahaba. Barua yako imenikalisha chini. Mimi nimeuza viko tangu Mjerumani yuko boma, na sijasikia mtu aliyekipaka kiko mafuta ya taa kisha akakitia moto mbele ya uso wake mwenyewe. Nyinyi watu mlibeba mizigo mpaka Bagamoyo mkarudi, kumbe akili mliiacha njiani.

Fanya hivi leo hii. Kwangua ndani kwa kisu butu, polepole, usitoboe. Jaza chumvi. Juu ya chumvi tonesha yale maji makali yanayopikwa porini, ambayo mimi Mwislamu siyataji jina lakini wewe utakuwa unamjua mpishi. Kiache kikae mchana kutwa, kimwage, kifute, kianike kivulini siku tatu. Nje kisugue kwa kitambaa na mafuta kidogo ya karanga. Huo mrija uliotafuna sina dawa yake.

Na uvutaji wako ni wa treni ya mizigo inayopanda mlima. Moto ukizimika, acha uzimike. Kuwasha tena si aibu, mimi nawasha mara nne kwa kiko kimoja na nina mvi. Chukua pumzi ndogo, kisha zungumza au tazama watu, kisha chukua nyingine. Ulimi utapona ukiacha kuukimbiza.

Lakini nina swali, na nataka jibu la kweli. Kiko kipya hakina aibu yoyote. Kijana aliyeambiwa aje na kiko, akaenda kununua kiko, nani atamcheka? Kwa nini basi unataka chako kiwe na miaka kumi? Nimefikiri nikiwa nafungua duka, nimefikiri nikiwa nafunga. Kuna jambo hujaniambia.

Shomari


Stesheni ya Kigwa,
6 Julai 1953

Kwako Mzee Shomari.

Shikamoo. Ladha ya taa imetoka, asante. Sasa naweza kufika nusu ya kiko bila kukohoa, na wiki hii sijamkosesha mtu safari.

Jambo lipo. Nimeona haya kulisema, na ndiyo maana nimekawia kujibu.

Baba mdogo Sylvester alipokuwa akinisifu mbele ya Mzee Lugembe, alisema nina kazi ya serikali, nina nyumba ya bati, sinywi pombe. Hayo yote ni kweli. Anasema mzee alikuwa anatafuna kijiti tu, ameinamisha kichwa, hajali. Sylvester akaona maneno yamemwishia, na posa inapoa. Akaongeza kwamba navuta kiko tangu nina miaka kumi na sita, tena kwa utulivu wa mtu mzima. Hapo ndipo mzee aliinua kichwa, akacheka, akamwita nje amsindikize.

Unajua kazi ya mshenga ni kupamba, na mimi simlaumu sana. Lakini niliposikia nilinyamaza. Ningeweza kumrudisha akasahihishe siku ya pili yake. Sikumrudisha, kwa sababu lile pambo ndilo lililomfanya mzee anikaribishe. Sasa natafuna mrija wa kiko nyuma ya ghala ili uongo wa mtu mwingine uwe kweli. Kila nikikiwasha namwona Tekla ananiangalia.

Zimebaki wiki nne. Nikijitahidi naweza kumaliza kiko kizima nikiwa nimekaa wima, na mzee hatajua. Au niende nimwambie, na nirudi mikono mitupu. Wewe ungefanya nini?

Tobias


Gongoni,
10 Julai 1953

Mwanangu Tobias,

Leo sikuiti mtani, maana sina utani.

Ukitaka kumdanganya Lugembe, mimi naweza kukusaidia na utashinda. Nakufahamisha hivyo ili usidhani nakupa ushauri wa mtu asiyeweza. Njoo Tabora siku mbili kabla, nitakukalisha dukani, utatoka hapa unavuta kama liwali. Jumapili itapita vizuri sana.

Ila kuna Jumapili inayofuata. Ukishakuwa mkwe utakaa uani kwa mzee yule miaka mingapi? Ishirini, Mungu akipenda. Sikukuu, misiba, ubatizo wa watoto wako. Kila mara utatoa kiko, utavuta kitu usichokipenda, na mkeo akikutazama ataujua uongo ambao baba yake haujui. Halafu atalazimika kuutunza pamoja nawe.

Nilikuchagulia kiko na tumbaku. Hili sikuchagulii. Nimemtuma Anselm akuletee kopo jingine, ukiamua kuvuta utakuwa nalo, ukiamua kusema ukweli utakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mzee wako,
Shomari


Stesheni ya Kigwa,
4 Agosti 1953

Kwako Mzee Shomari.

Shikamoo. Yamekwisha, nami nimeshindwa. Nakuandikia uyajue kutoka kwangu kabla hujayasikia sokoni.

Tulifika Ntalikwa na Sylvester baada ya misa. Mzee Lugembe alikuwa amekwisha weka viti. Kiti changu alikiweka karibu mno na chake, magoti yetu yanagusana, na cha Sylvester alikiweka mbali kule kwenye ghala la mahindi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekuja nacho?" Nikasema nimekuja nacho. Akasema, "Kitoe basi. Usingoje chakula." Niliona hana hata subira ya kuninyoosha kwa maneno, anataka mtihani uanze.

Nikakitoa, nikakijaza mbele yake. Chini kwa ulegevu, juu nikashindilia, ungenisifu. Alikuwa ameinama kunielekea kabisa, anatazama kila jani. Nilipowasha njiti ya kiberiti nikakumbuka ile miaka ishirini uliyoandika. Nikaizima. Kwa kuwa nilijua nikisema polepole nitaghairi, nilisema kwa sauti kubwa: "Baba, mimi sivuti. Sijawahi kuvuta. Mshenga alipamba, na mimi nilijua nikanyamaza. Hiki kiko nilikitafuta kwa ajili yako, uliposema nije nacho."

Mzee aligeuka haraka akatazama mlango wa jikoni. Akaniambia, "Taratibu, taratibu." Lakini nilikwisha sema, na mama yake Tekla, Mama Koleta, akatokea na mwiko mkononi. Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani. Akasema, "Rudia ulichosema." Nikarudia yote, neno kwa neno, mbele ya Sylvester, na mbele ya Tekla ambaye niliona kitambaa chake nyuma ya mlango. Sijawahi kuaibishwa hivyo. Mama akarudi jikoni.

Mzee akakichukua kiko kutoka mkononi mwangu. Akakiweka puani, kikiwa hakijawashwa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Akanirudishia. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakutoka tena.

Jogoo alikuwa amefungwa kamba karibu na jiko. Nilipokuwa bado nimekaa, Mama Koleta alitoka akamfungua kamba, akamwachia aende zake. Wewe unajua maana yake mgeni wa posa kuondoka bila kula. Tulikunywa maji, tukaaga ukuta.

Sijuti kusema. Najuta kunyamaza mwezi wa tano. Nakurudishia viko vyote viwili na makopo kwa mkono wa Anselm. Usinijibu kwa utani, naomba, angalau wiki hii.

Tobias


Gongoni,
7 Agosti 1953

Tobias,

Nimekusikia, sina utani. Viko nimevipokea lakini kiko kilichokwisha vutwa hakirudi kwenye rafu, kwa hiyo bado ni vyako, nimekutunzia tu.

Kuna kitu katika barua yako hakinikai vizuri. Mtu anayemkataa mkwe hamwekei kiti kikagusa goti lake. Na mtu aliyekasirika hanusi kiko huku amefumba macho. Mimi nimeona watu wakinusa tumbaku zaidi ya miaka thelathini, na wanaonusa namna ile huwa ni wa aina moja tu. Sitakutajia, nisije nikakupa matumaini ya bure.

Leo nimeswali Ijumaa. Kesho nafunga duka, napanda baiskeli, naenda Ntalikwa kumwuliza Lugembe kwa nini amenihama tangu Pasaka. Hilo ni deni la mtani kwa mtani na hakuna anayeweza kunizuia. Nikiwa huko nitafungua masikio.

Usile huzuni peke yake, kula na ugali.

Shomari


Ntalikwa,
9 Agosti 1953

Kwa Tobias Silasi, Stesheni ya Kigwa.

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ni ya Lugembe. Inaandikwa na mkono wa Tekla kwa sababu mimi sikujifunza kuandika, na katekista amesafiri. Haifai binti kuiandika barua ya namna hii, najua, lakini nikingoja katekista arudi mama yake atanifukuza nyumbani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze.

(Mimi Tekla naandika anavyosema. Nikiongeza langu nitalitia kwenye mabano, ili lisichanganyike na la baba.)

Kijana, wewe ulikosea kidogo na mimi nilikosea sana. Ulidhani nimekutega. Sikukutega. Kabla ya Pasaka daktari alisikiliza kifua changu, akaniambia nikitaka kuona mavuno mengine niachane na tumbaku. Nikaachana nayo. Mama Tekla alikichukua kiko changu akakitia motoni mbele ya macho yangu, akaapa kwamba mvuta tumbaku hatakanyaga tena ua huu, awe ndugu au awe mkwe.

(Mama anasema aliapa mara mbili, niandike mara mbili.)

Miaka arobaini nimeishi na harufu ile. Nilikwenda nayo vitani, kubeba mizigo ya Waingereza, na ikanirudisha. Nikiwa shambani sioni shida. Nikikaa uani ndipo sijui mikono niiweke wapi. Basi mshenga wako alipotaja kwamba kijana anavuta, moyo wangu uliruka kabisa. Nikasema, huyu akija atavuta, na mimi nitakaa upande ambao upepo unaelekea. Daktari alinikataza kuvuta, hakunikataza kukaa. Nilimwambia mshenga kule njia panda kwa sababu masikio ya mama Tekla hayafiki njia panda. Nikazihesabu Jumapili mpaka ya kwako.

(Zilikuwa tisa. Kila Jumamosi alikuwa akifagia ile sehemu ya uani mwenyewe. Tulidhani ni kwa heshima yako.)

Kisha wewe ukaja ukasema huvuti, tena kwa sauti ya mtu anayeita abiria. Mama Tekla akasikia mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba wewe huvuti, na kwamba mimi nilikuwa nimekuita uje na kiko. La kwanza lilimfurahisha. La pili limeniletea wiki ambayo simtakii adui yangu. Nami nilikuwa nimenuna kwa ajili ya ule moshi, nikaingia ndani nikalala. Yeye kwa hasira akamwachia jogoo. Hakuna aliyekukataa. Tulikuwa tunagombana wenyewe kwa wenyewe, na wewe tukakusahau uani. Hilo ni kosa la nyumba hii, na ninaliombea msamaha.

(Nilitaka kutoka nikuambie. Nisingeweza, unajua. Nilikaa nyuma ya mlango nikauma kitambaa.)

Jana akaja yule Mzaramo wenu na baiskeli. Alikuta nyumba haisemezani. Kabla hajasalimu alimkimbiza jogoo, akamkamata, akamkumbatia, akakaa naye kizingitini. Akasema jogoo huyu anakwenda Tabora leo hii isipokuwa yeye mwenyewe apewe sababu mbili: kwanza kwa nini Lugembe amemhama, na pili kwa nini mtoto wa Silasi ameondoka bila kula. Nikamweleza. Halafu akaniita mzee mwenye meno saba anayevizia moshi wa watoto wa watu. Mama Tekla ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akakaa chini. Mimi nikafuata. Tulipokwisha kucheka tukaweza kuzungumza, na jogoo tukamla sisi wenyewe pamoja na mtani, samahani kwa hilo.

Mama Tekla anataka maneno yake yaandikwe. Anasema: nilikuambia urudie yale maneno si kwa kukuaibisha. Nilitaka kuyasikia mara ya pili. Nimeomba tangu Pasaka mwanaume mmoja aingie ua huu bila tumbaku kinywani, na wewe uliingia na kiko mkononi, kumbe huvuti. Sitakukosesha tena chakula.

Basi mimi Lugembe nasema posa imepokelewa. Mshenga aje tupange mengine, ila mwambie safari hii asipambe kitu.

Limebaki neno la mwenyewe. Kwa desturi binti huulizwa ndani na shangazi zake, na jibu lake hutoka limekwisha pita vinywa vitatu. Leo shangazi zake hawapo na mwenyewe ndiye ameshika kalamu. Nimemwambia aandike kwamba binti amekubali. Ameiweka kalamu chini.

(Nimeiweka chini kwa sababu hajaniuliza.)

Anasema sijamwuliza. Kweli, sijamwuliza. Nimeuliza habari za tumbaku tangu mwezi wa tano, na hili sijauliza. Haya, namwuliza hapa mbele ya mama yake: Tekla, unamtaka kijana huyu?

(Tobias, wananitazama wote wawili. Mama ameacha kupepeta. Nimemjibu baba kwa mdomo, naye anasema mdomo haufiki Kigwa, niandike. Naandika. Ndiyo. Namtaka, na nilimtaka kabla hajatuma mtu yeyote kuuliza.)

Alama ya dole gumba: Lugembe
Mwandishi: Tekla